Milioni 220 za teknolojia ya maktaba: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Swali: Mimi ni mkutubi mkuu wa chuo kikuu binafsi, magharibi mwa Uganda. Tuna wanafunzi kama 3,500 na vitabu 42,000. Kwa siku tunaazimisha vitabu karibu 60. Mwaka huu wa fedha tumetengewa shilingi milioni 220 za teknolojia, na ni mara ya kwanza kupata fungu la aina hii. Wauzaji watatu wameshatutembelea: wa kwanza anauza RFID (vibandiko vya vitabuni vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio) yenye mageti na mashine ya mwanafunzi kujiazimia, wa pili anauza kifurushi cha vitabu mtandao kwa malipo ya kila mwaka, wa tatu anataka tuiache Koha, programu yetu ya kuendeshea maktaba, tuhamie mfumo wake wa kulipia. Makamu Mkuu wa Chuo anaipenda RFID, wakuu wa vitivo wanataka vitabu mtandao, na watu wa IT wanasema Koha yetu imekwama kwenye kompyuta moja tangu kijana aliyeisimika alipoacha kazi na kuondoka na nywila zake. Kamati ya zabuni inakaa mwezi ujao. Ungekuwa mimi ungenunua nini?

Jibu: Dada mkutubi, ningekuwa wewe nisingeinunua RFID mwaka huu. Mfumo wa kulipia nisingeuhamia kabisa. Vitabu mtandao ningevinunua vichache, kimoja kimoja, kwa masharti nitakayoyaeleza. Sehemu kubwa ya fedha ningeipeleka kwenye mambo ambayo hakuna muuzaji aliyefunga safari kuja kukuuzia: kuiokoa Koha mliyo nayo, umeme, na njia ya kumfikisha mwanafunzi kwenye machapisho ambayo chuo chenu tayari kina haki ya kuyasoma bila malipo.

Sababu yangu imo ndani ya swali lako. Umesema ni mara ya kwanza kupata fungu hili. Katika chuo kinachoendeshwa kwa karo hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba mwakani litarudi. Basi fedha zinazokuja mara moja zisinunue kitu kinachodai malipo kila mwaka, isipokuwa pale ambapo umeshajua kwa jina na kwa fungu ni nani atakayelipa mwaka wa pili na wa tatu. Kila pendekezo litakaloletwa mezani lipitishe kwenye swali hilo kabla ya kuuliza kama kitu chenyewe ni kizuri. Vitu vizuri ni vingi. Nimeingia kwenye maktaba za vyuo katika nchi hii nikakuta mashine nzuri kabisa zimefunikwa kitambaa kwa sababu leseni iliisha na hakuna aliyekuwa ameiweka kwenye bajeti.

Tuanze na RFID, maana ndiyo inayokubana kutoka juu. Kila kitabu kinabandikwa kibandiko chenye waya mwembamba na chipu, kinachosomwa kwa mawimbi ya redio ya 13.56 MHz. Geti la mlangoni linakitambua kikitolewa bila kuazimwa. Mashine ya kujiazimia inasoma rundo zima kwa pamoja, na kifaa cha mkono kinakagua rafu bila kuvuta kitabu kimoja kimoja. Ni teknolojia ya kweli na inafanya kazi. Lakini faida yake inapatikana pale ambapo foleni ya kuazima ni ndefu kuliko uwezo wa watumishi, au vitabu vinaibwa kwa kiwango kinachozidi gharama ya mitambo. Ninyi mnaazimisha vitabu 60 kwa siku. Watumishi wawili wenye skana ya msimbo pau wanaimaliza kazi hiyo na kubaki na muda wa kumsaidia mwanafunzi anayetafuta marejeo ya utafiti wake.

Halafu kuna kazi ambayo muuzaji hakuitaja. Vitabu 42,000 lazima kila kimoja kishikwe, kibandikwe na kuunganishwa na rekodi yake. Tuseme kila kitabu kinachukua dakika mbili. Hizo ni dakika 84,000, yaani saa 1,400. Kwa mtumishi mmoja ni siku 175 za kazi za saa nane, na kwa wanne wasiofanya jambo lingine lolote ni karibu siku 44. Na kama rekodi za kwenye orodha yenu zina makosa, mtakuwa mmebandika chipu za bei juu ya makosa. Kuhusu wizi, Uganda tunao utaratibu wa zamani wa mabegi kuachwa nje na mlinzi kukagua mlangoni. Unachosha, ila kwa ukubwa wenu unatosha. Siku mtakapokuwa tayari kwa RFID, andikeni kwenye zabuni kwamba taarifa za kwenye vibandiko zifuate kiwango cha ISO 28560, ili mkiachana na muuzaji, vibandiko vyenu visomeke kwa mashine za mwingine.

Sasa Koha, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nadhani ndipo maktaba yako ilipo hatarini.

Watu wa IT wanaposema Koha imekwama, wanasema kweli kuhusu kompyuta ile na toleo lile. Koha yenyewe haijakwama. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na leo inatumiwa na maktaba nyingi duniani, zikiwemo za vyuo vingi hapa Afrika Mashariki. Hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na haina ada ya leseni. Kilichotokea kwenu ni kwamba mtu mmoja aliyekuwa na nywila zote aliondoka, na chuo hakikuajiri mwingine. Mkihamia mfumo wa kulipia, upungufu huo mtahama nao. Mfumo wa kulipia pia unahitaji mtu wa kusafisha rekodi, kuweka kanuni za kuazima, kuunganisha orodha ya wanafunzi wapya kila Agosti, na kumbana muuzaji anapochelewa kujibu. Tofauti ni kwamba mtakuwa mnamlipa mtu wa nje kwa dola huku bado hamna mtu wa ndani.

Na kampuni nazo huuzwa. Mfumo wa Virtua, ambao Makerere iliwahi kuutumia, ulikuwa wa kampuni ya Marekani iitwayo VTLS. Mwaka 2014 VTLS ilinunuliwa na Innovative Interfaces, mwaka 2020 Innovative ikanunuliwa na ProQuest, na mwaka 2021 ProQuest ikanunuliwa na Clarivate. Mteja aliyesaini na kampuni moja alijikuta ndani ya miaka saba akiwa mikononi mwa ya nne. Sisemi kwamba wanunuzi hao walifanya ubaya. Nasema kwamba maktaba ndogo ya chuo binafsi Uganda haina sauti katika maamuzi ya namna hiyo, na njia pekee ya kujilinda ni kuwa na data yenu mkononi, katika MARC, muundo wa kawaida wa rekodi za maktaba unaosomeka popote.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Kabla ya kugusa lolote, nakala kamili ya hifadhidata ya Koha ichukuliwe na kuwekwa mahali pawili tofauti, pamojawapo nje ya kampasi. Mnakumbuka jengo kuu la Makerere lilivyoungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020. Na kama moto unaonekana jambo la mbali, Oktoba 2023 Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi, orodha yake ikatoka hewani kwa miezi, na moja ya sababu walizozitaja wao wenyewe za kuchelewa kurudi ni mifumo iliyozeeka. Maktaba yenye fedha kuliko bajeti ya vyuo vyetu vingi vikiunganishwa iliangushwa hivyo. Ninyi Koha yenu iko kwenye kompyuta moja, nywila haijulikani. Hilo ndilo jambo la kwanza kwenye orodha, na halihitaji kusubiri kamati ya zabuni.

Kisha hamishieni Koha kwenye seva inayotunzwa vizuri. Kama chuo chenu ni mwanachama wa RENU, mtandao wa taasisi za utafiti na elimu Uganda, waulizeni kuhusu kuwekewa seva kwao. Umeme na ulinzi wa kituo chao ni bora kuliko wa chumba chochote ndani ya jengo la maktaba. Mtaalamu wa kuhamisha na kupandisha toleo apewe mkataba wa mwaka mmoja wenye sharti moja lisilojadiliwa: kila anachofanya akifanye akiwa na watumishi wenu wawili pembeni, na kiandikwe. Mmoja wa hao awe mkutubi na mwingine awe wa IT, maana wakiwa wote wa idara moja wataondoka pamoja.

Mshahara wa mkutubi wa mifumo usiuweke ndani ya milioni 220. Huo ni wa kila mwaka, na ukiuingiza humo utakuwa umevunja kanuni niliyoanza nayo. Uombee nafasi ya kudumu kwenye ikama ya chuo. Fungu hili litumike kumfundisha na kumpa vitendea kazi.

Mfumo ukishasimama, fanyeni ukaguzi wa rafu. Kazi hii haina sifa, lakini wanafunzi wenu wataiona faida yake kabla ya nyingine yoyote. Chukueni kompyuta mpakato moja na skana ya mkono, anzeni rafu ya kwanza. Mtumishi mmoja anainamisha kitabu, mwingine anasoma msimbo pau. Namba zinaingia kwenye faili la kawaida la maandishi, moja kwa kila mstari. Jioni faili hilo mnalipakia kwenye zana ya ukaguzi iliyomo ndani ya Koha, nayo inalinganisha na rekodi zake kisha inawarudishia orodha: hivi vinapaswa kuwa kwenye rafu hii na havipo, hivi vimekutwa mahali pasipo pake, hivi bado vimeandikwa kwamba vimeazimwa na kumbe vimo ndani. Katika kila maktaba niliyoona ikifanya kazi hii, orodha ya tatu ilikuwa ndefu kuliko watumishi walivyotarajia. Kila mstari wake ni mwanafunzi aliyeambiwa kitabu hakipo wakati kilikuwa hatua kumi kutoka alipokuwa amekaa, na pengine mwingine anayedaiwa faini ya kitabu alichokwisha kurudisha. Ukipita kwenye rekodi utakuta pia jina la Wizara ya Afya, kama mwandishi, limeingizwa kwa namna nne tofauti, kila moja ikiwa na ripoti zake, na mwanafunzi wa uuguzi akitafuta moja anazikosa zile za nyingine. Mkisahihisha hayo mtakuwa mmewapa maktaba kubwa zaidi bila kununua kitabu kimoja.

Nije kwenye vitabu mtandao. Wakuu wa vitivo wana haki ya kuvitaka, na hoja yao msiipuuze. Ila kabla hamjalipa shilingi, hakikisheni mnatumia vya bure. Research4Life inakusanya programu tano za kufikia majarida na vitabu mtandao: ya afya inayoongozwa na WHO, ya kilimo ya FAO, ya mazingira ya UNEP, ya teknolojia na ubunifu ya WIPO, na ya sheria na haki ya ILO. Taasisi za Uganda zimo kwenye kundi linalopata bila malipo, ila taasisi lazima ijisajili, na lazima kuwe na mtu anayezitunza nywila na kuwafundisha wahadhiri. Ipo AJOL yenye majarida ya Afrika. Upo pia muungano wa maktaba za vyuo vikuu Uganda, CUUL, ambao kupitia kwake maktaba hujadiliana na wachapishaji kwa pamoja. Kama hamjajiunga, jiungeni. Bei ambayo chuo cha wanafunzi 3,500 kinatajiwa kikiwa peke yake si ile inayotajwa mbele ya kundi la vyuo.

Baada ya hapo mchukue muuzaji wa kifurushi na umpe mtihani. Kusanya kutoka kila idara vitabu ambavyo wahadhiri wameviandika kwenye mihtasari ya kozi kama vya lazima, tuseme 100 kwa chuo kizima. Mwombe orodha kamili ya majina yaliyomo kwenye kifurushi chake, na uyalinganishe jina kwa jina, toleo kwa toleo. Vifurushi hivi hutajwa kwa makumi ya maelfu ya vitabu, lakini vitabu vya kiada vinavyouzika sana mara nyingi wachapishaji huvizuia wasiviweke humo, kwa kuwa vinawaletea fedha vikiuzwa kimoja kimoja. Ukikuta 12 kati ya 100, hiyo ndiyo thamani ya kifurushi kwa wanafunzi wako, na wakuu wa vitivo waonyeshe karatasi hiyo. Uliza pia ni watu wangapi wanaweza kufungua kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Leseni ya mtu mmoja kwa kozi yenye wanafunzi 200 wiki moja kabla ya mtihani ni sawa na kuwa na nakala moja ya karatasi.

Kuna jambo limebadilika karibuni ambalo kamati yako inapaswa kulijua. Februari 2025 Clarivate, hao hao waliomnunua ProQuest, walitangaza kwamba wataacha kuuza vitabu mtandao kwa malipo ya mara moja ya kumiliki daima na kuelekea kwenye usajili wa kila mwaka. Wakutubi wa nchi nyingi walipinga, na kampuni ikasogeza mwisho hadi 30 Juni 2026. Mwelekeo wa soko ni huo: mkodishwe, msimiliki. Kwa chuo chenye fedha za mara moja ni mwelekeo mbaya. Ndiyo maana ninashauri milioni kama 30 ziende kwenye vitabu mtandao vya kumiliki, vilivyochaguliwa na idara, kutoka kwa wachapishaji ambao bado wanauza hivyo, na mkataba useme kwamba mtaweza kuvisoma hata mkiacha kufanya biashara nao. Vitabu 80 mtakavyobaki navyo ni bora kuliko 80,000 vitakavyozimwa tarehe 31 Desemba.

Kama baadaye mtalipia usajili wowote, dai takwimu za matumizi zinazofuata kanuni za COUNTER, kipimo cha pamoja cha kuhesabu usomaji wa machapisho mtandao. Chukua idadi ya makala au sura zilizofunguliwa, gawanya gharama kwa idadi hiyo. Hifadhidata ya dola 12,000 iliyofunguliwa mara 800 imewagharimu dola 15 kwa kila usomaji. Nyingine ya dola 2,000 iliyofunguliwa mara 4,000 imewagharimu nusu dola. Namba mbili za namna hii zinafanya kazi kwenye kikao kuliko hotuba.

Na dola yenyewe isisahaulike. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,500, na kufikia Septemba 2015 ilishavuka 3,600. Maktaba zilizokuwa na usajili wa dola na bajeti ya shilingi zilipoteza karibu theluthi ya uwezo wao bila mtu yeyote kuwapunguzia fedha. Isitoshe, malipo ya leseni na huduma kwa kampuni isiyo mkazi wa Uganda kwa kawaida hukatwa kodi ya zuio ya 15%. Muuzaji akisema anataka dola 10,000 kamili mkononi, chuo kinatoa dola 11,765. Mhasibu wenu akae na wewe kabla ya zabuni kufunguliwa, aangalie kodi hiyo na VAT pia, isije ikawa mnajua gharama halisi wakati ankara imeshafika.

Suala la kufikia machapisho mtu akiwa nje ya kampasi ningelipa uzito mkubwa. Vyuo vilipofungwa tarehe 20 Machi 2020, maktaba nyingi ziligundua kwamba hifadhidata zao zinafunguka kwa anwani za IP za kampasi tu. Mwanafunzi wa Kasese au Ntungamo alikuwa na simu, alikuwa na bando, na hakuweza kufungua makala ambayo chuo chake kina haki nayo. Chuo chenu kina wanafunzi wa jioni na wa mwisho wa wiki, walimu wa shule wanaosoma wakati wa likizo. Hao ndio wanaoikosa maktaba zaidi. Ipo programu ya EZproxy, inayomfungulia msomaji aliye nje kana kwamba yuko kampasini, na upo utaratibu wa shirikisho la utambulisho ambao RENU inauendesha, unaomwezesha mwanafunzi kutumia akaunti moja ya chuo kwenye huduma nyingi. Mkishakuwa na akaunti hizo, eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, nayo inakuwa rahisi, na mwanafunzi wenu akiwa kwenye kampasi ya chuo kingine kilicho na eduroam anaunganishwa bila kuomba nywila ya mtu. Yote haya yanahitaji orodha safi ya wanafunzi kutoka kwa Msajili. Anza mazungumzo na ofisi hiyo mapema, kwa sababu orodha ndiyo itakayokuchelewesha.

Kompyuta za maktaba nitazipitia haraka. Msaada wa Windows 10 ulimalizika 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani: kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mtu akikuletea kompyuta za mtumba kwa bei ya kutupa, angalia hilo kwanza. Za zamani mlizo nazo ambazo bado zinawaka ziwekeni Linux, zinatosha kabisa kwa kutafuta kwenye orodha na kusoma majarida. Za kununua ziwe ndogo, zinazotumia umeme kidogo, na sababu ni hesabu ya betri. Kompyuta ndogo 20 pamoja na skrini zake, kila seti ikila wati 45, ni wati 900. Kwa saa nne za giza ni kilowati-saa 3.6, na betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5 inaibeba. Za mnara za wati 120 zingetaka kilowati-saa 9.6 kwa saa hizo hizo. Wekeni na kinga dhidi ya radi, umeme wa jua kwa ajili ya taa na vifaa vya Wi-Fi, na sehemu za kutosha za kuchajia simu na kompyuta mpakato kwenye meza. Hapa ningeweka karibu milioni 60 za umeme na zaidi kidogo ya 30 za kompyuta. Koha, seva na mafunzo kama 45, Wi-Fi ya ndani ya jengo 20. Zinazobaki zigawane vitabu vile vya kumiliki, njia ya kufikia kutoka mbali, skana na lebo, na akiba ya kitakachoharibika. Ni makadirio yangu, na bei mtakazoletewa zitayasogeza.

Kwa wanafunzi wasioona, NVDA ni programu ya kusoma skrini isiyo na malipo na inatosha kwa kazi ya chuo. Mnachonunua ni vipokea sauti imara na skana ya kurasa. Uganda iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2018, unaoruhusu kumtengenezea msomaji asiyeona nakala anayoweza kuitumia. Tafadhali msiliache hili hadi mwanafunzi wa kwanza aje kulalamika.

Jambo moja la kisheria: mfumo wowote utakaobeba majina ya wanafunzi na vitabu walivyosoma unaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kama data itakaa kwenye seva ya muuzaji nje ya nchi, mkataba useme iko wapi, nani anaiona, na itarudishwaje mkataba ukiisha, kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, bila malipo ya ziada. Muuzaji anayekataa kuandika sentensi hiyo ameshakujibu.

Makamu Mkuu wa Chuo umkabili vipi? Anataka kitu kinachoonekana, na ana sababu: wazazi hutembelea, wakaguzi wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu huja, na chuo binafsi kinashindania wanafunzi. Mpe kitu kinachoonekana. Maktaba yenye mwanga hadi saa nne usiku wakati wa mitihani, siku umeme umekatika mji mzima, inaonekana kutoka barabarani, na wanafunzi wataisema wenyewe. Mwambie pia kwamba RFID haijakataliwa. Imewekwa baada ya rekodi kusafishwa, na mtamletea takwimu za kuazima za mwaka mzima zitakazoonyesha kama inahitajika. Nenda ukiwa na karatasi moja yenye gharama ya miaka mitano ya kila pendekezo kwa shilingi, si ya mwaka wa kwanza pekee. Kwa kawaida ni hapo ndipo mjadala hugeuka.

Mwisho, kalenda. Usajili wa majarida na hifadhidata kwa kawaida huanza Januari hadi Desemba, ankara zikifika Oktoba au Novemba. Karo zenu huingia kwa wingi mwanzoni mwa muhula, na Novemba ofisi ya fedha huwa imeshazigawa. Chochote chenye malipo ya kurudia kiombewe fedha Agosti, wakati zipo. Na barua ya kuomba nafasi ya mkutubi wa mifumo iende kwa Katibu wa Chuo wiki hii, kabla kamati ya zabuni haijakaa, kwa sababu nafasi ya kazi hupitia kamati nyingine na huchukua muda mrefu kuliko manunuzi yote niliyoyataja.